Udongo Mtamu wa Tanurini

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri, lakini limesajiliwa, na anayelitaja bila kibali huitwa kulitaja tena mbele ya afisa, polepole, huku likiandikwa. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Wenye kuijua wataijua kwa moshi wake.

Mji wetu ni Tanurini. Uliitwa hivyo baada ya kiwanda kuja. Kabla ya hapo ulikuwa na jina jingine, ambalo wazee walishauriwa walisahau, na wakalisahau alasiri moja kwa utaratibu mzuri tu. Kiwanda chenyewe kinayeyusha betri chakavu za magari. Zinaletwa kwa malori kutoka nchi ambazo hazitaki kuziona tena. Zinapasuliwa kwa shoka, maji yake makali yanamwagwa mferejini, na vile vibamba vya ndani vya risasi, yale madini mazito ya kijivu, vinayeyushwa ndani ya sufuria pana kama kisima. Moshi wake una rangi ya maziwa yaliyochacha. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alituambia tuvute pumzi ndefu, maana ile ndiyo harufu ya maendeleo. Tuliokohoa tuliandikwa majina kwa kukosa shukrani.

Mimi kazi yangu ni udongo wa wajawazito. Mwanamke wa kwetu akishika mimba, mwezi wa pili au wa tatu kinywa chake kinaanza kuitaka ardhi, na haoni raha mpaka atafune. Si dawa wala si chakula. Ni hamu, na hamu ya mjamzito kwetu hainyimwi. Lakini udongo wake hauokotwi popote. Unachimbwa kwenye tabaka lake, chini ya mchanga na juu ya mwamba. Unapondwa kinuni, unachekechwa kwa kitambaa chepesi, unakandwa kwa maji kidogo, unafinyangwa vijiti vinene kama kidole cha kati, unaanikwa kivulini siku tatu usije ukapasuka, halafu unabanikwa ndani ya chungu kwa moshi wa pumba za mpunga. Ukikivunja kijiti kinalia kach, kinanuka kama mvua ya kwanza.

Mwaka wa pili wa kiwanda niligundua jambo likanifurahisha. Udongo wa chini ya ukuta wa kiwanda, pale unapopita mfereji, ulikuwa mtamu. Si utamu wa sukari. Ni utamu unaokuja nyuma ya ulimi ukishameza, ukakufanya utazame tena kikapuni. Nikaliacha shimo langu la zamani, nikahamia pale bila kumwambia mtu. Wanawake wakasahau udongo wa wauzaji wengine wote.

"Bi Nyamizi, wako una nini?" waliniuliza sokoni.

"Una mkono wangu," niliwajibu.

Mwanangu Milembe alikuwa na mimba mwaka huo, na mimi si mama wa kuwapa watu kizuri nikambakizia mwanangu kibaya. Nilimchagulia vijiti vilivyonyooka kuliko vyote. Alikula kikapu kizima, miezi sita, akazaa mtoto wa kike tukamwita Kabula. Milembe alifariki mtoto akiwa na miaka minne, nami nikabaki na huyo mjukuu. Nilipokwenda kuchimba alinifuata, na nilipokuwa natwanga alikuwa akikaa kando ya kinu akilamba vumbi lililoruka. Nilicheka. Nilimwita mke mwenzangu, naye akaniita Bibi Kikongwe usiyetaka kuniachia mume, na mume mwenyewe alishakufa zamani.

*

Watoto wa miaka ile walikuwa na tabu ya kutulia. Mwalimu akiandika ubaoni, kabla hajafika mwisho wa mstari nusu ya darasa imeshasahau mwanzo wake. Walikuwa wepesi wa hasira, na wepesi wa kupenda kitu hadi kuharibikiwa. Walipofika miaka kumi na nne, kumi na tano, wakakutana na gundi ya mafundi viatu. Duniani kote kijana anaweza kunusa gundi akaona kizunguzungu, akaiacha. Wa kwetu alinusa mara moja, kesho yake alikuwa amekaa mlangoni kwa fundi kabla fundi hajaamka. Kabula alikuwa mmoja wao. Alinusia kwenye chupa ya maji, ameificha ndani ya mkono wa sweta. Nilimpiga, nilimfungia, nilimwombea. Alilia nami, akaahidi, na alikuwa mkweli alipoahidi. Baada ya saa moja alikuwa hayupo.

Serikali yetu haikai kimya watoto wake wakiangamia. Iliunda wizara. Wizara ya Utashi, na Waziri wake Mheshimiwa Gaudensi Shibe, mtu mpana mwenye sauti ya redio. Alikuja Tanurini na msafara wa magari kumi na tisa, akasimama jukwaani akiwa ameupa mgongo ule moshi, kwa sababu mpiga picha alisema unapendeza ukiwa nyuma.

"Ndugu wananchi," alisema, "utafiti uliofanyika ndani ya gari langu nikiwa njiani umebaini kwamba vijana wa mji huu wana upungufu wa utashi. Mijini kwingine utashi uko juu. Hapa uko chini. Je, kuna tofauti gani kati ya hapa na kwingine? Hakuna. Barabara ni ile ile, picha za viongozi ni zile zile. Kwa hiyo kosa ni la vijana wenyewe, na nyuma ya vijana wapo mabibi waliowadekeza."

Mabibi tulipiga makofi. Tulikuwa tumepangwa mbele.

Kipimo cha utashi kilifanyika shuleni. Kijana anakalishwa mbele ya sahani ya maandazi ya moto nusu saa, asile. Anayekula hana utashi. Maofisa wanne walikaa kandokando kushuhudia, na kwa kuwa nusu saa ni ndefu, walikuwa wanakula wao. Iliandikwa kwamba walikuwa wanahakiki ubora. Kabula alikaa dakika sita. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya yule fundi aliyekuwa akimpa gundi, ambaye alishahama mji. Niliwaambia maofisa kwamba mjamzito mwenye njaa akila andazi hajavunja sheria.

"Bibi," mmoja alinijibu kwa upole, akijifuta mafuta mdomoni, "kipimo hakina jinsia."

Walichukuliwa mia mbili na kumi siku hiyo. Kambi ya Utashi iliwekwa ndani ya ua wa kiwanda, na tiba yake ilikuwa kazi: walipewa shoka, wakapasue betri kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, ili tamaa iwatoke kwa jasho. Muda wa tiba ni hadi utashi utakapoonekana.

*

Jumatano ya kwanza nilimpelekea Kabula ugali, mlenda na vijiti sita vya udongo, maana hamu ilikuwa imemshika. Getini nilimkuta Mheshimiwa anashuka garini.

"Hii nini, Bibi yetu?"

"Udongo, Mheshimiwa. Wa wajawazito."

Waheshimiwa wetu huonja kila kinachopita getini, ni sehemu ya usalama. Akakivunja kijiti, akatafuna. Kisha akanyamaza. Mlinzi alishtuka, kwa sababu mtu huyu alikuwa akihutubia hata akiwa chooni. Akala cha pili na cha tatu. Cha nne akakitia mfukoni mwa koti kwa ajili ya uchunguzi.

Kesho yake dereva wake alikuwa uani kwangu na mfuko. "Mheshimiwa anaendelea na uchunguzi," alisema. Alikuja siku iliyofuata pia. Mwisho wa mwezi alikuja na debe. Televisheni ya taifa ikaonyesha kikao cha mawaziri, wote wameketi wima, midomo ina mpaka mwembamba wa kijivu, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Katikati ya meza, badala ya maua, palikuwa na sinia.

*

Aliyeniharibia raha ni Tekla, nesi wa zahanati ya wajawazito. Alikuja akakaa jikoni kwangu, akakataa chai.

Zahanati ile ilikuwa na mashine ya kupima madini, kwenye damu au kwenye kitu chochote, msaada wa watu wa mbali. Ilikuwa imefungwa utepe miaka minne, ikisubiri kiongozi wa kuizindua, na kila kiongozi alikuwa akisubiri mkubwa wake asije akaona kaporwa utepe. Tekla aliufungua ule utepe, akapima damu ya wajawazito thelathini, ikiwemo ya Kabula aliyoitoa kliniki kabla hajachukuliwa, akaufunga tena vizuri kama ulivyokuwa.

"Bi Nyamizi," alisema, "damu ya Kabula imejaa risasi. Hata kabla ya kambi. Na wenzake vilevile."

"Ni moshi," nikasema.

"Ni moshi, ndiyo. Na vumbi." Akachukua kijiti kimoja kwenye ungo wangu, akakishika kwa ncha za vidole. "Na hiki. Nacho nimekipima."

Nikaendelea kuchekecha. Mkono wangu ulikataa kusimama.

"Inafanya nini hiyo risasi?"

"Mwili unadhani ni ile chokaa inayojenga mifupa, kwa hiyo unaikaribisha. Inaingia mpaka ubongoni, na kwa mjamzito inavuka mpaka kwa mtoto. Kwenye ubongo kuna kemikali inayomwambia mtu, hiki kitamu, kirudie. Na kuna sehemu ya mbele, hapa penye paji, inayomwambia, basi, inatosha. Risasi inaivuruga ile ya kwanza na kuidhoofisha hii ya pili. Mtoto kama huyo akikutana na gundi, anavutwa kwa kamba mbili na hana wa kumshika."

"Kwa hiyo ndiyo sababu."

"Sisemi kila anayenusa gundi ananusa kwa sababu ya udongo. Upo upweke, zipo shida, wapo rafiki. Nasema hawa wetu walianza safari wameshachoka." Alikirudisha kijiti kwenye ungo, akafuta vidole. "Mtoto aliye tumboni mwa Kabula bado anaumbwa, Bibi. Yeye nimeshamwambia, nilipopita kambini kuwaona wajawazito. Kila siku anayokaa kwenye ule ua inahesabika. Na kila kijiti unachompelekea."

Nilimuuliza kama amewaambia wakubwa. Alisema ameandika barua tatu.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Tekla alishtakiwa kwa kutumia mashine ambayo haijazinduliwa, akahamishiwa zahanati ya kisiwa kisicho na watu, ambako alitakiwa kupeleka taarifa ya wagonjwa kila mwezi.

*

Mheshimiwa akaja mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda changu, magoti yakamfika kidevuni, na alitafuna muda wote aliozungumza.

"Bibi yetu, umeliokoa taifa na hujui. Pale kambini wasichana wakipewa udongo wako hawaulizii gundi kwa saa nzima. Saa nzima, Bibi. Baraza limepitisha mpango: Tafuna Udongo, Jenga Utashi. Kila kliniki ya wajawazito, kila shule, kuanzia darasa la kwanza. Tunachohitaji ni wewe utuonyeshe shimo, mbele ya kamera, kwa moyo mkunjufu. Sheria inataka tunu ya asili itolewe kwa moyo mkunjufu. Tunaye afisa wa kupima tabasamu."

"Mheshimiwa, udongo ule una sumu."

Hakuacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Nesi."

"Nesi yupi? Hapa hakuna nesi. Sikiliza, Bibi. Serikali haijatangaza sumu katika wilaya hii. Sumu ikiwepo, itatangazwa, na utaratibu wa kuitangaza upo. Kabla ya hapo mtu akisema ana sumu ni kama mtu kusema ana vita ya kwake peke yake."

"Na mjukuu wangu?"

"Hilo sasa ndilo neno." Alishusha sauti yake ya redio mpaka ikakaribia kuwa ya mtu. "Siku utakayotoa shimo, Kabula anatoka. Na tumbo lake, na cheti."

Mimi si mtu wa kufikiri haraka. Nilifikiri wakati natoa mawe kwenye mchele, nikaona nina watoto wawili mikononi. Mmoja namjua, yuko tumboni mwa mke mwenzangu, amekaa juu ya betri. Wa pili simjui, ni wa kila mwanamke wa nchi hii atakayepewa kijiti bure na kuambiwa ni tiba. Nikamwambia Mheshimiwa anipe wiki moja nimalize matanga. Hakuuliza ya nani.

Nilipanda basi hadi kijiji nilikozaliwa, siku nzima kwenda, upande ule upepo unakotoka. Udongo wa huko ni mweupe, safi, hauna utamu wowote. Ni ule niliokula nilipombeba Milembe. Nilichimba magunia mawili, nikautwanga, nikaufinyanga, nikaubanika kwa pumba zilezile. Ulibaki mweupe kidogo kuliko ule, lakini kwa macho ya haraka hakuna ambaye angeutofautisha. Nikajiambia, nitawaonyesha shimo la kule mbali. Wataukusanya huo, wajawazito watatafuna ardhi tupu kama mama zao, na Kabula atarudi nyumbani. Nilijiona mjanja.

*

Sherehe ilikuwa ndani ya ua wa kiwanda, saa nne asubuhi, chini ya turubai. Afisa wa tabasamu alinipima mara mbili, akaandika "inatosha". Mheshimiwa akachukua kijiti changu cheupe, akakivunja mbele ya kamera, akatafuna. Bendi ikapiga. Nikaona taya zake zinapungua mwendo.

Akatema kwenye leso.

"Huu sio," alisema.

"Ndio wenyewe, Mheshimiwa. Labda ulimi umechoka."

Mawaziri sita wakaonja, na wote wakatema, mmoja akatokwa na machozi. Ndipo nilipotambua kwamba baraza zima lilikuwa linapapasa mifuko mitupu ya makoti. Walikuwa wamekaa wiki nzima bila debe.

Mheshimiwa akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande kimoja cha mwisho, kidogo kama jino. Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi ya barua ya serikali. Aliniangalia bila hasira, ila alikuwa na haraka.

"Mleteni msichana."

Kabula alikuja na shoka bado mkononi, wakamwambia aliweke chini. Mikono yake ilikuwa ya kijivu hadi viwiko, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Aliponiona alicheka kidogo.

"Bibi Kikongwe. Nimekuachia mume, umemchoka?"

"Hajambo, mke mwenzangu," nikasema.

Mheshimiwa akaweka sahani mbili mezani. Kwenye moja palikuwa na kijiti changu cheupe, kizima, kimenyooka. Kwenye nyingine kile kipande cha jino.

"Wewe umekulia kwenye udongo wa bibi yako," alimwambia. "Onja vyote viwili. Tuambie upi ndio wenyewe, na unachimbwa wapi. Ukisema, unakwenda nyumbani leo."

Nilimtazama Kabula machoni. Sikuruhusiwa kusema, ila nilimtazama kama nilivyokuwa nikimtazama wageni wanapokuja na hatuna sukari, na alikuwa akielewa tangu ana miaka mitano. Naye alielewa. Nasema hivyo mbele ya yeyote. Alinyoosha mkono kwenye kijiti cheupe, akakiuma, akasema, "Huu..."

Na mkono wa pili ulikuwa umeshakwenda. Sidhani kama aliuona. Ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya pili, ukachukua kile kipande, ukakitia mdomoni. Akafumba macho. Uso wake wote ukalegea, kama mtu aliyeitwa na mama yake.

"Huu, Bibi," alisema, machozi yanamtoka. "Huu ndio."

"Wapi?" Mheshimiwa aliuliza, na baraza zima likainama mbele.

"Nyuma ya ukuta. Pale unapopita mfereji."

Walipiga makofi. Mheshimiwa alitangaza kwamba binti huyu, kwa kusema ukweli katika mazingira magumu, ameonyesha utashi wa hali ya juu, na akamkabidhi Cheti cha Utashi, Daraja la Kwanza, chenye mhuri. Mimi nilipewa kitenge chenye picha ya Mheshimiwa. Mawaziri wawili hawakungoja wimbo wa taifa. Walikwenda wenyewe nyuma ya ukuta na majembe ya walinzi, na suti zao.

*

Tulirudi kwa miguu. Barabara ilikuwa imejaa malori matupu yanayokwenda kwenye mfereji, kila moja lina bango la mama mjamzito anayetabasamu. Wanawake walikuwa wamejipanga pande zote mbili wakipiga vigelegele, maana walikuwa wametangaziwa kwamba udongo utagawanywa bure. Mwingine aliniita, "Bi Nyamizi, umetukumbuka." Alikuwa na mimba ya miezi saba hivi.

Nilisimama nikamwambia asile. Nilimwambia kwa sauti yangu yote, nikamwambia na aliyemfuata, na aliyemfuata. Walinicheka kwa mapenzi. Walidhani namwonea wivu mshindani wangu, serikali.

Kabula alikuwa anatembea mbele yangu, cheti amekikunja kwapani. Niliona mkono wake wa kulia haupungi. Ulikuwa umefumbwa, umebanwa kwenye paja. Nikamfikia, nikamshika kiwiko.

"Umebeba nini?"

"Walikuwa wanawagawia waheshimiwa kule nyuma. Mmoja kanipa."

"Kabula. Tekla alikwambia habari za mtoto?"

"Aliniambia, Bibi."

"Basi fungua mkono."

Alisimama pale kwenye vumbi la malori, akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine aliyefuatana naye. Vifundo vilikuwa vimekuwa vyeupe.

"Nifungue wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikaweka kitenge chini, nikaanza na kidole kidogo. Lori likapita, na jingine. Nilikuwa nimefika kidole cha pili.